Picha safi, sauti hakuna: DVD ya sherehe iliyochomwa nyumbani

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Mumias. Tulimfanyia mama yetu sherehe ya shukrani, ya saa moja na nusu hivi, na kikundi cha ngoma za isukuti kikaja kutoka Shinyalu. Kijana wa jirani alipiga picha za video kwa simu, na Mama akavalishwa maiki ya kifuani iliyochomekwa kwenye rekoda ndogo. Baadaye niliunganisha picha za simu na sauti ya rekoda kwenye laptopu, nikachoma DVD kwa programu ya bure ili kila ndugu apate yake. Kwenye laptopu sauti iko. Kwa dada yangu Butere tuliweka sehemu ya hotuba ya Mama: picha safi, sauti hakuna kabisa, na deki hiyohiyo inacheza DVD za dukani bila shida. Kwa kaka yangu Kisumu sauti ipo na inaanza vizuri, ila kadiri muda unavyokwenda midomo inatangulia maneno, na mwishoni kuna kukwaruza. Fundi anasema deki ya dada imekufa, anunue nyingine. Nifanyeje?

Jibu: Mwalimu, hongereni kwa kumshukuru Mama naye akiwepo kusikia. Kwanza niokoe pesa za dada yako: asinunue deki. Deki inayotoa sauti ya DVD ya dukani imeshathibitisha kwamba ndani yake ni nzima. Pili, usichome diski nyingine kwa sasa. Inaelekea diski imebeba kosa lililozaliwa kabla yake, kwenye faili au kwenye rekodi yenyewe, na ukichoma tena utapata kosa lilelile kwenye diski mpya.

Kuna jambo moja hukuniambia, nalo ndilo ningekuuliza kama ungekuwa mbele ya meza yangu hapa Kisumu. Mliweka hotuba tu. Je, isukuti zinasikika kwenye deki ya Butere, au nazo ni kimya? Mpigie dada simu, asogeze diski mpaka penye ngoma. Jibu lake litatupeleka njia mbili tofauti kabisa.

Tuseme ngoma zinasikika na Mama hasikiki. Hapo ninashuku upande mmoja wa sauti. Sauti ya stirio ina pande mbili, kushoto na kulia. Maiki nyingi za kifuani ni za upande mmoja, na ukiichomeka kwenye rekoda ya stirio, mara nyingi sauti huingia kushoto peke yake na kulia hubaki tupu. Kwenye laptopu huwezi kugundua kwa sababu spika zake mbili zimekaribiana, na sikio linaona sauti ipo tu. Kwa kaka yako pia hutagundua ikiwa nyaya zote mbili zimechomekwa. Lakini TV nyingi za zamani zina tundu moja tu la sauti, na watu huunganisha deki kwa waya mmoja. Waya wa manjano hubeba picha, mweupe hubeba sauti ya kushoto, mwekundu ya kulia. Kama waya mweupe ulikatika zamani, na mtu akauchomeka mwekundu mahali pake kwenye TV, TV ya Butere inasikia upande wa kulia tu. DVD ya dukani ina sauti pande zote mbili, kwa hiyo hakuna aliyewahi kulalamika. Mama yumo kushoto, na kushoto hakujaunganishwa.

Jaribio lake halihitaji safari. Vaa visikilizio kwenye laptopu, hakikisha kila kimoja kiko sikio lake, ucheze hotuba. Kama Mama anaongea sikio moja tu, umepata jibu. Ukitaka uhakika zaidi, fungua video kwa VLC, programu ya bure ya kucheza video, nenda kwenye menyu ya Audio, kisha Stereo Mode, uchague Left halafu Right. Upande mmoja ukiwa kimya, hakuna haja ya kutafuta zaidi. Dada naye kule Butere achomoe waya wa sauti nyuma ya deki aupeleke tundu la pili, kutoka jekundu kwenda jeupe. Aangalie pia rimoti: deki nyingi zina kitufe kilichoandikwa L/R au AUDIO. Kiliwekwa kwa ajili ya diski za karaoke, ambazo huweka mwimbaji upande mmoja na ala upande wa pili. Mtoto akikibonyeza bila kujua, deki hubaki upande mmoja siku nyingi, na DVD za dukani zitaendelea kusikika kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Kutengeneza ni kazi ndogo. Fungua sauti ya rekoda kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, bonyeza jina la mstari wa sauti, chagua Split Stereo to Mono, ufute ule mstari ulio tupu. Unaobaki ni wa mono, yaani sauti ya mstari mmoja, na mono hutoka pande zote mbili. Hifadhi kama WAV, uirudishe kwenye video yako mahali pa ile ya zamani. Usijaribu kuongeza sauti ya ule upande tupu. Hauna kitu ndani isipokuwa mvumo.

Sasa njia ya pili: isukuti nazo ni kimya, diski nzima haitoi hata mlio. Hapo tatizo ni aina ya sauti iliyoandikwa kwenye diski. Hapa ndipo watu wengi wanapotezwa na laptopu. Laptopu ni kama boda boda, itapita kichochoro chochote. Deki ni matatu, ina njia yake iliyoandikwa ubavuni. VLC inafungua karibu kila aina ya sauti iliyopo, kwa hiyo kusikika kwenye laptopu hakuthibitishi kwamba diski ni halali kwa deki.

Kanuni za DVD ya video zinaruhusu aina chache tu: PCM isiyobanwa, AC-3 ya Dolby, MP2, na DTS ambayo deki hailazimiki kuielewa. Zaidi ya hapo, sauti lazima iwe imepimwa kwa sampuli 48,000 kila sekunde (PCM pekee inaruhusiwa pia 96,000). Simu hurekodi kwa AAC. Rekoda ndogo mara nyingi huhifadhi MP3 kwa sampuli 44,100, kipimo cha CD za muziki. AAC haimo kwenye orodha, MP3 haimo, na 44,100 haimo. Programu nzuri ya kuchoma hugeuza yote hayo kimyakimya. Baadhi ya programu za bure hunakili sauti jinsi ilivyo na kuifungasha na picha, na hapo kila deki huamua kivyake: moja itakubali, nyingine itaonyesha picha na kunyamaza. Zipo pia zinazoandika 44,100 kana kwamba ni 48,000. Hapo sauti inakwenda haraka kwa karibu asilimia 9 na mtu mzima anaongea kwa sauti ya mtoto. Hukutaja hilo, kwa hiyo sidhani limekupata.

Kuhakiki, weka diski kwenye laptopu uiangalie kwanza kama folda. DVD halisi ya video ina folda inayoitwa VIDEO_TS, na ndani yake faili za VOB, IFO na BUP. Ukiona faili moja tu la MP4, basi ulichochoma ni diski ya data, na deki ya zamani haina wajibu wowote wa kuisoma vizuri. Kama VIDEO_TS ipo, fungua VOB iliyo kubwa kwa VLC, bonyeza Ctrl na J pamoja. Tafuta sehemu ya sauti usome mistari mitatu: aina, idadi ya pande, na kiwango cha sampuli. Unataka kuona A52 au AC3 (zote ni AC-3), au MPEG Audio ya layer 2 (ndiyo MP2), au LPCM (ndiyo PCM), unataka Stereo, na unataka 48000 Hz. Kingine chochote ndicho kinachoinyamazisha Butere. Ukikuta pande sita, yaani mpangilio wa 5.1, rudi uchague stirio: kwenye mpangilio huo maneno hukaa spika ya katikati, na deki isiyochanganya pande vizuri itakupa makofi ya wageni bila msemaji.

Mimi kwa diski za familia huchagua AC-3 ya stirio, kilobiti 224 kwa sekunde. Deki zote nilizokutana nazo huku zinaisoma, na saa nzima inachukua takriban megabaiti 100. PCM ni safi zaidi lakini saa moja hula karibu megabaiti 690, nafasi ambayo picha inaihitaji. Ina hatari nyingine pia: DVD inaruhusiwa kupitisha megabiti 10.08 kwa sekunde kwa picha na sauti kwa pamoja. Ukiipandisha picha hadi kilele chake cha 9.8 na kuongeza PCM ya 1.5, umepita mpaka, na sauti itakatikakatika penye picha zenye mwendo mwingi, ambapo kwenu ni penye wachezaji wa isukuti. Weka picha megabiti 6. Saa moja na nusu itafika kama gigabaiti 4.2, na diski ya kawaida ya 4.7 inaibeba.

Tuje Kisumu kwa kaka. Umesema jambo la thamani sana: inaanza vizuri, kisha inaachana kadiri muda unavyokwenda. Kama ingeachana kwa kiasi kilekile tangu mwanzo, ningelaumu TV yake au mahali ulipoanzisha sauti kwenye programu. Kuachana kunakokua ni habari ya kasi mbili zisizolingana. Lakini kabla ya kukubali, cheza diski kwenye laptopu na uruke hadi dakika kumi za mwisho, maana wengi wetu tukisikia mwanzo uko sawa tunaridhika. Kwenye VLC bonyeza K au J mpaka midomo na maneno vikutane. Kila mbonyezo husogeza sauti milisekunde 50, na kipimo kinaonekana juu ya picha. Andika kipimo cha mwanzo na cha mwisho. Vikitofautiana, kosa limeshaokwa ndani ya video na deki ya kaka haina hatia.

Chanzo karibu hakika ni simu. Simu ikisema inapiga fremu 30 kwa sekunde, yaani picha moja moja zinazounda video, haimaanishi 30 kila sekunde. Mwanga ukipungua, kama jioni chini ya turubai, huongeza muda wa kila fremu ili picha isiwe giza, na idadi hushuka. Ndani ya faili la simu kila fremu ina alama ya saa yake, kwa hiyo ukilitazama lilivyo, picha na sauti vinakwenda pamoja. Programu ya kuhariri isiyozisoma alama hizo hudhani ni 30 tupu na kuzipanga hivyo. Chukua simu iliyopiga wastani wa 29.9: baada ya saa moja picha itakuwa imeitangulia sauti kwa sekunde 12. Midomo inatangulia maneno, kama ulivyoeleza.

Dawa yake ni kuzinyoosha fremu kabla ya kuhariri, ukianza na vipande asili vya simu. Pitisha kila kipande kwenye HandBrake, programu ya bure, sehemu ya Video weka fremu 25 na uchague Constant Framerate. Namba 25 ni ya PAL, mfumo ambao TV na deki za Kenya zilijengewa, na ndio DVD yako itakaohitaji mwishowe. Mtu akipita mbio mbele ya kamera utaona picha ikiruka kidogo sana. Ni bei ndogo.

Hata baada ya hapo itabaki tofauti ndogo, kwa sababu simu na rekoda kila moja ina saa yake ya ndani na hakuna saa mbili zinazolingana kabisa. Kwa hotuba ndefu usihangaike kuivuta sauti yote. Tafuta mahali Mama anaponyamaza kuvuta pumzi, kata sauti hapo, usogeze kipande kinachofuata hadi midomo ikae sawa, halafu endelea mpaka pumziko lingine baada ya dakika kumi hivi. Hakuna atakayesikia mkato uliofichwa ndani ya ukimya. Usifute sauti ya simu mpaka umemaliza: ndiyo itakayokuonyesha neno gani linaanza wapi, maana mistari ya mawimbi ya simu na ya rekoda hufanana na unaweza kuilinganisha kwa macho.

Kukwaruza mwishoni kunaweza kuwa vitu viwili, na ni rahisi kuvitenganisha. Tazama picha wakati sauti inakwaruza. Ikiwa picha nayo inavunjika vipande vya mraba au inasimama kidogo, deki inashindwa kuisoma diski. Ikiwa picha ni tulivu na sauti pekee inapasuka, na laptopu inafanya vilevile mahali palepale, rekoda ilizidiwa siku ileile ya sherehe.

Kwa upande wa kuzidiwa: mwishoni ngoma zilimsogelea Mama, naam? Maiki ya kifuani hutegwa kwa sauti ya mtu anayeongea, na isukuti zikilia hatua chache tu kutoka kwake hakuna rekoda iliyotegwa hivyo itakayozibeba. Ukitazama mawimbi kwenye Audacity utaona vilele vimekatwa bapa kama vimepitishwa randa. Kupunguza sauti baadaye hakurudishi kilichokatwa. Kuna zana inayoitwa Clip Fix inayosaidia kidogo pale palipopasuka kwa muda mfupi, lakini kwa ngoma za dakika nzima mimi ningechukua sauti ya simu. Simu ilikuwa mbali zaidi na yenyewe hupunguza kipimo chake kelele zikizidi, kwa hiyo huenda imezishika ngoma vizuri kuliko rekoda. Ingia na sauti ya rekoda kwenye hotuba, pole pole ubadilishe kwenda ya simu ngoma zinapoanza. Na tafadhali, Mwalimu, faili hizo asili usizifute. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, jamii za Waluhya, iliwekwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na kila rekodi safi ya wapigaji wetu wakiwa kazini ina maana kubwa kuliko sherehe moja.

Kama picha nayo inavunjika, ni diski. DVD husomwa kuanzia ndani kuelekea nje, kwa hiyo mwisho wa diski iliyojaa upo ukingoni kabisa, penye alama za vidole, na ambapo laptopu huwa inachoma kwa kasi kubwa zaidi. Chagua kasi ya 4x, au 8x, badala ya kuiacha programu ichague ya juu kabisa, na uwashe kipengele cha kuhakiki baada ya kuchoma; programu ya kuchoma ya ImgBurn inacho. Hakikisha diski imefungwa, yaani finalize, la sivyo deki zingine hazitaigusa. Futa vumbi kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Usibandike karatasi yenye jina, huyumbisha diski inapozunguka; andika kwa kalamu laini ya wino upande wa juu. Na msiziache diski kwenye dashibodi ya gari juani, kwa sababu rangi inayobeba maandishi kwenye DVD ya kuchoma huharibiwa na mwanga na joto.

Utaratibu ningeupanga hivi. Nyoosha fremu, geuza sauti ya Mama iwe mono, hariri, toa faili moja lenye sauti ya stirio. Likague kwa visikilizio mwanzo, katikati na mwisho. Kisha litengeneze DVD kwa DVDStyler, programu ya bure ya kuandaa DVD, ukichagua PAL na AC3 ya 48 kHz. Ukiona chaguo la kunakili sauti ilivyo, usilichague. Kama unaweza kuandika amri, FFmpeg, programu ya bure ya kugeuza video, hufanya ugeuzaji wote kwa mstari mmoja:

ffmpeg -i sherehe.mp4 -target pal-dvd -aspect 16:9 -ac 2 sherehe.mpg

Hiyo yenyewe huweka picha ya PAL, AC-3 na sampuli 48,000, na faili linalotoka linaingia DVDStyler bila kugeuzwa tena.

Choma nakala ya kwanza kwenye DVD-RW, inayofutika, umpelekee dada Butere kwa sababu deki yake ndiyo ngumu kuliko zote mlizo nazo. Sikilizeni dakika tano za mwisho. Ikipita hapo, chomea wengine kwenye DVD-R, isiyofutika. Ndugu wenye TV mpya zenye tundu la USB wape flashi badala ya diski, lakini hao wawekee MP4 yenye sauti ya AAC: TV nyingi za bei nafuu huikubali AAC na baadhi hukataa AC-3, kinyume kabisa cha deki.

Ikiwa Butere itabaki kimya hata baada ya hayo, niandikie ile mistari mitatu ya VLC kama ilivyo, uniambie ni nyaya zipi zimechomekwa nyuma ya TV na kwenye tundu la rangi gani, na kama isukuti zilisikika au hazikusikika.